Elimu ya Kuopoa

Kabla ya habari za sumaku, lazima nianze na habari za gasketi. Gasketi ni kile kipande cha karatasi ngumu, cha kizibo au cha bati jembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje na moto usitoroke. Ukifungua sampu iliyo chini ya injini, mara nyingi gasketi inachanika. Ukifungua silinda hedi, gasketi yake imekwisha kazi. Sasa chukua nchi ambayo duka zima halina gasketi nyingine. Fundi anayefungua injini ili aokote spana yake atakuwa amelisimamisha gari la mtu kwa miezi, kwa ajili ya kipande cha chuma cha kuenea kiganjani. Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ninayotaka kuieleza: elimu ya kuopoa kitu kilichodondoka ndani ya injini bila kuifungua.

Nilianza kushika spana hapa Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa nimetoka darasa la saba, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto. Watu wakimwona fundi amelala chali chini ya gari, waya mkononi na tochi kifuani, hudhani anabahatisha. Habahatishi. Nimeona maarifa haya yakipitishwa kwa utaratibu, mkubwa kwa mdogo, kwa kanuni zisizovunjwa, na nimeona kila kanuni ikizaliwa na jambo lililoikuta nchi. Ndiyo maana nataka yaandikwe kama historia inavyoandikwa.

Shida ya vipuri ni ya zamani kuliko gereji zenyewe. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau akikusudia kuvuka bara zima hadi bahari ya Atlantiki. Aliingia Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Muda mwingi wa safari ile haukuwa wa kuendesha. Ulikuwa wa kungojea vipuri na mafuta. Mwaka huohuo wa 1907 Reli ya Kati ilifika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kwa miaka mingi baada ya hapo karakana za reli ndizo zilizokuwa shule halisi za chuma katika nchi zetu, huku Tanganyika na kule Kenya. Wahindi wengi, hasa Masingasinga wa Punjab, walileta ujuzi wao kwenye karakana hizo, na wengine wakaja kufungua gereji za magari katika miji ya njiani. Wa uzao huo ni Joginder Singh wa Kenya, aliyeanza maisha kama fundi, akashinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kabla hawajainunua. Sisi wa gereji tulilipenda hilo kuliko ushindi wenyewe. Gari la mkono wa pili, mikono ya fundi, na Safari nzima nyuma yao.

Mzee aliyenifundisha kazi alitoka katika gereji ya namna hiyo. Aliingia kama mfagiaji, akawa mchemsha chai, akawa mshika taa, na kwa kushika taa ndipo alipojifunza, maana mshika taa anaona kila kitu anachokiona fundi. Vifaa vyote vilikuwa vya tajiri. Alinisimulia kwamba jioni tajiri alipita mbele ya ubao wa spana, ambapo umbo la kila spana lilikuwa limechorwa kwa rangi, na umbo lililobaki tupu lilikatwa kwenye mshahara wa msaidizi. Kwa hiyo msaidizi aliyeangusha spana ndani ya gari alikuwa na sababu kubwa ya kuitafuta kimyakimya, bila kumwomba ruhusa mtu ya kufungua chochote. Mzee wangu aliamini kwamba mikono yake ilinoleka pale, kwenye hofu ile ya jioni. Namwamini.

Na spana haikuwa kitu cha kurudishwa kwa urahisi. Magari ya Kiingereza yalikuja na nati za kipimo cha Whitworth, kipimo kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya thredi za aina moja, zikaanza kuja nati za kipimo kingine cha inchi. Peugeot na Volkswagen zilikuja na milimita. Land Rover za kizamani ziliweza kuwa na vipimo vilivyochanganyika ndani ya gari moja, na ukiitumia spana iliyokaribia badala ya ile yenyewe, unaila nati kichwa. Seti iliyopotewa na spana moja ilikuwa seti iliyovunjika. Hakukuwa na mahali Morogoro pa kwenda kununua ile moja.

Barabara nayo ilifundisha. Novemba 1965 Rhodesia ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia ya mafuta yake ya kusini. Mafuta yakapita kwetu. Malori yenye mapipa yalitoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda mlima Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya hadi ng'ambo, kwenye barabara ya udongo ambayo masika iliigeuza tope tupu; madereva wa Kizungu waliiita njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilipokamilika mwaka 1968, malori yale yalipata nafuu. Lakini miaka ile michache ilikuwa imekwisha kutapakaza mafundi kando ya barabara nzima. Lori lililoharibikia porini halikungojea gereji. Utingo aliingia chini yake na alichokuwa nacho: koleo, bisibisi, kipande cha waya, kibatari. Akidondosha nati usiku kwenye tope, nati hiyo imekwenda. Akiidondosha ndani ya injini, safari imekwenda. Wazee wa wakati ule walikuwa na desturi ya kutandika gunia au shuka chini ya injini kabla ya kugusa bolti yoyote, na desturi hiyo niliikuta ikiwa sheria kwa mzee wangu. Kwanza shuka, halafu spana.

Kisha ukaja wakati wenyewe wa uhaba. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yalitaifishwa, na familia nyingi za Kihindi zilifunga biashara zikaondoka. Uagizaji wa magari na vipuri uliwekwa mikononi mwa Shirika la Magari la serikali, wakati ambapo fedha za kigeni zilikuwa zikiadimika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, nasi tulikuwa tumezoea vipuri vingi kutoka Nairobi. Mwaka 1978 na 1979 vita vya Kagera vikachukua malori na magari ya watu. Yaliyorudi yalirudi yamechoka. Halafu mwaka 1983 ikaja kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi, na hata mtu mwenye gasketi mbili za akiba alizificha uvunguni. Sisemi haya kwa kulalamika. Nasema kwa sababu bila kuyajua, mtu hataelewa kwa nini fundi wa Kitanzania wa miaka ile alikaa mchana kutwa na waya mkononi akiitafuta nati ambayo fundi wa Stuttgart angeipata kwa kufungua bolti za sampu, akarudisha na gasketi mpya kutoka kwenye pakiti.

Jambo jingine la miaka ile ni Jumapili. Kwa kubana matumizi ya mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari likiwa limelala nyumbani kwa amri ya serikali, mwenye gari alipata muda wa kulitengeneza. Hapo ndipo matengenezo ya nyumbani yalipokuwa jambo la watu wa kawaida: mwalimu, karani wa benki, daktari wa wilaya, kila mmoja na Peugeot yake au Volkswagen yake uani chini ya mwembe, boneti wazi, watoto wamezunguka. Wengine walijaribu wenyewe, wakadondosha. Mtoto alitumwa mbio kuniita. Nilifika nikiwa nimevaa nguo za kanisani na mfuko wangu wa turubai, na swali langu la kwanza lilikuwa moja daima: umewasha? Akisema hapana, nilimpa mkono kwa furaha.

Maana kanuni ya kwanza ni hiyo. Kitu kikidondoka ndani ya injini, mtu asiguse swichi. Toa waya wa betri kabisa, kwa sababu spana ikilala kati ya stata na bodi inaweza kuchoma gari zima, na kwa sababu mtoto anaweza kuzungusha ufunguo. Nati iliyoingia silindani ina madhara madogo wakati pistoni imesimama. Pistoni ikitembea, nati hiyo inagongwa juu kwenye hedi, inakunja valvu, inatoboa pistoni. Injini inanoki siku ileile.

Kanuni ya pili ni kusikiliza, na kusikiliza kunaanza kabla ya kitu kudondoka. Mzee wangu hakuruhusu redio wala soga wakati mtu anafungua nati ya juu ya kabureta. Chuma kinachogonga chesisi kinalia kwa sauti kali na kurudia. Kinachogonga bati la chini kinalia kwa sauti pana. Kilichotua kwenye oili hakilii kabisa baada ya mgongano wa kwanza, na huo ukimya ndio mbaya. Aliweza kutuambia, akiwa amekaa kwenye kigoda chake mbali na gari, kwamba nati imeishia juu ya mkono wa usukani upande wa kushoto, nasi tukaikuta pale.

Kisha zana. Sumaku yetu ilitoka kwenye spika za redio. Redio za National zilikuwa zikitengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita, na redio iliyokufa ilikuwa na kazi ya pili gerejini: tuliipasua spika, tukatoa ile sumaku ya duara nyuma yake. Kwa kuwa ilikuwa nene kuliko upenyo, tuliibandika kwenye ncha ya nondo nyembamba ya chuma, na ncha ya pili ya nondo ikapata nguvu ya kuvuta. Injini nyingi za wakati ule zilikuwa za chuma cha kusubu, kwa hiyo nondo yako inavutwa na kila ukuta inaoupita, inang'ang'ania, inakudanganya. Dawa yake ilikuwa kuivisha nondo kipande cha mpira wa petroli mpaka karibu na ncha, kuta zisiiguse. Fundi aliyeizoea nondo hiyo alijua kwa vidole kama ameshika ukuta au ameshika nati, kama mvuvi anavyojua kwa mshipi kama ni mwamba au ni samaki.

Sumaku haishiki kila kitu. Jeti ya kabureta ni ya shaba nyeupe, washa nyingine ni za aluminiamu, na hapo ndipo Morogoro ilipokuwa na dawa yake. Vijana wa milimani Uluguru wanajua kutengeneza ulimbo wa kunasia ndege kutokana na utomvu wa fenesi. Tulichukua spoku ya baiskeli, tukainyoosha, tukapaka ulimbo kidogo kwenye ncha, tukaishusha polepole. Ukiigusa jeti na kusubiri kidogo, inapanda nayo. Grisi nzito pia inafaa, lakini injini ikiwa bado ina joto grisi inayeyuka, ulimbo unashika. Nimewahi kuona mafundi wa mijini wakitumia ubani wa kutafuna kwa kazi hiyohiyo. Ulimbo ni bora.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya nati iliyoshuka kwenye koo la kabureta. Juu ya chujio la hewa magari mengi ya zamani yalikuwa na nati ya mabawa, inayofunguliwa kwa vidole, na mtu akiifungua kwa haraka na kuiacha juu ya chujio, chujio likitolewa inaruka na kuingia pale pale shimoni. Unatoa kabureta, na hapo tayari unacheza na gasketi ya kwanza, basi unainyanyua taratibu kwa kisu chembamba ili iweze kurudi. Unatazama kwa kioo cha kunyolea. Ikiwa nati imelala kwenye manifoldi, nondo inaifuata. Ikiwa imepita valvu iliyokuwa wazi na kuingia silindani, unatoa plagi zote na kuanza kuizungusha injini kwa hendeli, kwa mkono, robo kwa robo, sikio kwenye tundu la plagi. Ukisikia mkono umekataa, hurudii kulazimisha. Unarudi nyuma kidogo. Lengo ni kuipandisha pistoni mpaka juu, kwani nati imelala juu yake na itapanda nayo, mpaka uione inang'aa chini ya tundu. Tundu la plagi lina upana wa milimita 14 au karibu na hapo. Nati kubwa kuliko hilo haikuingilia hapo na haitatokea hapo. Hiyo inarudishwa kwa njia iliyoijia, valvu ikiwa wazi, kwa subira kubwa, au ndipo hedi inafunguliwa na mwenye gari anaelezwa ukweli. Vumbi na chembe tulizipuliza kwa upepo. Tusipokuwa na pampu tulifunga mpira kwenye valvu ya tairi la akiba na kutumia upepo wake. Hilo nalo halikuwa wazo la kwetu peke yetu: Volkswagen wenyewe waliiendesha pampu ya maji ya kioo cha Beetle kwa upepo wa tairi la akiba.

Kila gari lilikuwa na tabia yake, na mtu aliyefundishwa vizuri aliijua kabla ya kufungua boneti. Land Rover ilikuwa rafiki. Chini yake kuko wazi, ardhi inaonekana, matao yake bapa yanaweza kuwekewa spana bila kuteleza, na hendeli ilikuwa kifaa cha kawaida. Beetle ilikuwa kinyume: injini iko nyuma, imezungushiwa mabati ya kuongoza upepo, na nati iliyoingia kwenye nyumba ya feni haionekani wala haifikiki. Lakini injini yenyewe imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, kwa hiyo watu wawili wenye nguvu waliitoa nzima, wakaiinamisha, wakaitikisa, nati ikatoka. Peugeot 404, gari lililompa Bert Shankland wa Dar es Salaam ushindi wa Safari mwaka 1966 na 1967, ndilo nililolipenda zaidi. Injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45. Upande mmoja ukawa na nafasi ya kupitisha mkono mpaka begani, na kitu kilichodondoka juu kiliteremka mteremko uleule kila mara. Ukishaijua njia ya mteremko ule, unajua pa kwenda kuchukua. Ndugu yake 504 alirithi ulalo huo, na naye aliopolewa vilevile.

Kenya walipita njia yao. Barabara ya Grogan pale Nairobi, sasa Kirinyaga, ilijaa gereji na maduka ya vipuri, na mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani iliwatazama mafundi wa juani kama sehemu ya kweli ya uchumi wa nchi. Sisi huku gereji zetu zisizo na kibao ziliitwa gereji bubu, na kwa muda mrefu maofisa walizitazama kama uchafu wa mji. Mwanahistoria Mmarekani Joshua Grace alichapisha mwaka 2021 kitabu kiitwacho African Motors kinachowapa mafundi wa Tanzania nafasi yao katika historia ya magari. Nilifurahi sana kusikia kipo. Watu walioweka hospitali, shule na vyama vya ushirika kwenye magurudumu kwa miaka kumi bila vipuri wanastahili zaidi ya kibao.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Magari ya mkono wa pili kutoka Japani yakaanza kumiminika, nayo yakaja na injini za namna nyingine. Corolla, kwa mfano, ilianza kugeuzwa mwaka 1983: injini ikawekwa kukingama, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta. Mpango huo ulikuwa umeonyeshwa na Alec Issigonis kwenye Mini mwaka 1959, na faida yake ni nafasi kwa abiria. Nafasi hiyo ilitolewa kwenye mikono ya fundi. Kati ya injini na ukuta wa gari mkono hauingii tena. Haisi, ile tuliyoiita kipanya, ilikuwa na injini chini ya viti vya mbele. Unainua kiti, unakuta kisima chenye giza na joto, na kitu kikidondoka kinagonga mara tano kabla ya kutulia mahali usipopaona. Noah za kwanza zilifuata tabia hiyohiyo. Nimewafungulia madereva wa daladala usiku kucha stendi ya Msamvu, abiria wa alfajiri wakianza kufika, tukiitafuta soketi moja.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuwa kava la plastiki chini ya injini. Linazuia matope na kupunguza kelele. Kwa fundi lilifanya mambo mawili. Kwanza liliua sikio: chuma kikitua kwenye plastiki hakisemi kimetua wapi. Pili, lilikuwa karai. Spana iliyodondoka haikufika chini. Ilibaki pale, ikasafiri. Kijana asiyejua kava hilo linafunguliwaje aliamua kuiacha, na mwenye gari akaondoka nayo mpaka Dodoma.

Zana nazo zimebadilika, na hapa nawaunga mkono vijana kwa moyo wote. Sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa zinauzwa kwenye fimbo inayorefuka kama antena ya redio, nyembamba kuliko kalamu, na bei yake haimshindi mwanafunzi. Kamera ndogo yenye taa, inayochomekwa kwenye simu, inapita tundu la plagi na kuonyesha sura ya pistoni. Halafu injini zenyewe, kama ile ya 1NZ iliyomo kwenye Vitz na IST, zina bloku ya aluminiamu, kwa hiyo nje ya silinda sumaku inashuka bila kuvutwa na kuta. Mzee wangu angelia kwa furaha. Ninalowagombeza vijana ni hendeli. Hakuna hendeli tena, basi wanasahau kwamba injini inaweza kuzungushwa kwa mkono, kwa soketi na racheti kwenye bolti ya puli ya krenkshafti, na badala yake wanagusa stata kidogo tu kuona. Hakuna kidogo tu. Kamera inaonyesha kilichopo mbele yake. Kilichojificha nyuma ya valvu kinasikiwa na mkono unaozungusha. Kila anayekuja kujifunza kwangu anaanza na hilo, na shuka analitandika yeye.

Ninalo kopo la rangi lililojaa vitu nilivyovikuta ndani ya magari ambavyo si vya mwenye gari wala si vyangu. Chini kabisa kuna spana mbili za Whitworth kutoka kwenye Land Rover iliyowahi kuwa ya serikali, moja imepigwa herufi za idara kwa patasi. Juu yake kuna bisibisi za mipini ya mbao, bolti za Peugeot, kipande cha hendeli. Juu zaidi, kuanzia miaka ya 1990, vitu vinaanza kuwa na maandishi ya Kijapani, na spana za KTC, kiwanda cha Kyoto, zilizosahauliwa na fundi wa huko juu ya kava la plastiki, zikapanda meli, zikashuka bandarini, zikasajiliwa pamoja na gari bila mtu kujua. Nyingi ni namba kumi, na hilo halinishangazi, kwa kuwa namba kumi ndiyo inayofungua karibu kila kitu kidogo kwenye Toyota na ndiyo inayoponyoka upesi. Hizo sikuziacha koponi. Nimezipaka rangi nyekundu kwenye shingo ili zionekane gizani, nikawagawia vijana, na ziko kazini mpaka leo.